Tupeane uzoefu: chozi wawili wa kijani wa milimani, umewahi kuwachanganya?

Wakuu, mimi naongoza wageni Kilimanjaro, njia ya Marangu. Miaka miwili nilikuwa nawadanganya bila kujua: kila ndege wa kijani anayemetameta mwenye mkia mrefu nilimpa jina moja. Siku moja kambi ya Horombo, mita 3,720, bibi mmoja mwenye darubini akaniuliza, "Mbona huyu ana wekundu kwapani?" Nikabaki naangalia viatu vyangu.

Kumbe ni wawili. Nectarinia famosa ana kishungi cha njano ubavuni mwa kifua, Nectarinia johnstoni ana chekundu. Tabu ni kwamba mara nyingi kimefichwa na manyoya mengine, hadi dume aanze kujishaua au kugombana. Nyie mnawatofautishaje? (Chozi ndege, jamani, siyo la kulia.)

Mgumu Mstaafu: Nimebeba mizigo miaka kumi na moja, darubini sijawahi kushika. Mimi naangalia ua. Ukishavuka mita 3,500 na mbele yako kuna lobelia, ule mmea mkubwa wa milimani, huyo ni johnstoni, nakuwekea dau. Anaking'ang'ania kile kinara cha maua kama mkwezi kwenye mnazi. Asubuhi maji kati ya majani ya lobelia bado ni barafu, yeye keshaanza kazi. Na wadudu anakula, siyo nekta peke yake.

Shamba la Kinangop: Huku kwetu ni famosa, anakuja mpaka kwenye ua wa nyumba. Mwaka mmoja madume wakatoweka wote. Nikamtuhumu paka wa jirani, tukanuniana wiki nzima. Baadaye ndiyo nikajifunza kwamba msimu wa kuzaliana ukiisha, dume huvua ule ukijani akabaki kahawia kama jike, na mabaka mawili matatu ya kijani. Walikuwepo muda wote! Nilipeleka maziwa kwa jirani. Na kwa paka.

Mpanda Mlima: Majike je? Mlima Kenya, bonde la Mackinder, nimeona jike wa johnstoni: kahawia tupu, lakini kishungi chekundu naye anacho. Jike wa famosa hana, ila kifua kina unjano.

Niko Colorado: Huku milimani Marekani wapo ndege wavumaji (hummingbird), na wao tunawachanganya. Dume wa Selasphorus platycercus unamsikia kabla hujamwona, mbawa zinapiga mluzi. Mwezi wa saba anaingia Selasphorus rufus, rangi ya kutu, yuko safarini kuelekea kusini. Mdogo lakini mbabe, anawatimua wenzake wote kwenye chupa ya maji ya sukari. Wanakunywa wakiwa wanaelea hewani, tofauti na chozi wetu ambaye kwa kawaida anatua kwanza.

Mwanzisha mada: Hiyo chupa nimeipenda, nitaitundika Horombo.

Mgumu Mstaafu: Kunguru wa shingo nyeupe ataibeba pamoja na kamba yake.