Naomba ushauri: filamu ambazo muziki ndio umebeba siri ya hadithi

Habari zenu wadau. Juzi nimerudia kuangalia Once Upon a Time in the West ya Sergio Leone (1968), na ile harmonika (kinanda kidogo cha kupuliza kwa mdomo) haijanitoka kichwani. Muziki ni wa Ennio Morricone. Aliutunga kabla ya kurekodi filamu, na Leone akawa anaupiga huku waigizaji wakiwa kazini. Ndiyo maana hata hatua zao zinakwenda na muziki.

Kama hujaiona, ruka aya hii. Charles Bronson hana jina humo, anaitwa Harmonica tu. Ukimuuliza swali, anapuliza. Mwishoni, akipambana na adui yake Frank (Henry Fonda), ndipo tunaonyeshwa chanzo: mtoto, ambaye ndiye Harmonica mwenyewe zamani, amembeba kaka yake mabegani, kaka ana kitanzi shingoni, na Frank anamsokomeza yule mtoto harmonika mdomoni. Miguu ya mtoto ikilegea, kaka ananyongwa. Kwangu mimi, ile sauti ya kukwaruza tuliyoisikia filamu nzima ni pumzi za mtoto yule, wala si wimbo.

Je, nanyi mnaielewa hivyo, au kuna maana nyingine nimeipita?

Pia nitajieni filamu nyingine za namna hii. Nyimbo tamu za kusindikiza picha ziko tele, sizitafuti hizo. Nataka muziki unaojua jambo kabla mtazamaji hajalijua. Za Kiafrika, Kihindi, Kikorea, zote nazipokea. Jumamosi nitaangalia na mdogo wangu, naye hana subira na filamu za taratibu, kwa hiyo niambieni nianze na ipi.