Naomba ushauri: gemu la hisa, bei napandisha ila kuuza nakwama

Wakuu, nacheza gemu la kuigiza soko la hisa, lile ambalo kazi yako ni kuchezea bei. Nachagua kampuni ndogo ambayo hisa zake haziuzwi sana, nanunua taratibu, kisha naeneza uvumi. Bei inapaa vizuri tu. Shida ni kutoka: nikianza kuuza, wanunuzi wanayeyuka na bei inaporomoka kabla sijamaliza hata nusu. Faida inabaki kwenye skrini! Kuweka oda kubwa za uongo na kuzifuta sitaki, msimamizi wa gemu anafungia akaunti haraka (na kwenye soko halisi hiyo ni jinai nchi nyingi). Je, niuze kidogo kidogo bei ikiwa bado inapanda? Na mnajuaje kwamba wachezaji wengine wameshashtuka?