Mjadala: mtoto akishindwa darasani, mzazi aruhusiwe kumfundishia nyumbani?

Wadau hili naomba tulijadili bila kutukanana. Mwaka jana nilimtoa mwanangu shule akiwa darasa la tatu nikaanza kumfundisha mwenyewe, na mpaka leo shangazi zake wananiambia nimemharibia mtoto maisha na nastahili kushtakiwa. Kisheria hawajakosea, Sheria ya Elimu ya 1978 hapa Tanzania inamtaka mzazi aandikishe mtoto na ahakikishe anahudhuria mpaka amalize. Ila ngojeni niwaeleze.

Darasani walikuwa 118, mwalimu mmoja, wakati kiwango cha serikali ni watoto 45. Mwanangu hesabu za kichwa yuko vizuri, mtume dukani na elfu tano chenji inarudi yote, lakini herufi zinamgeuka, b anaiona d, ukimwambia aandike baba anaandika dada. Mwalimu wala hakuwa na roho mbaya, ila kwenye watoto 118 utamtofautishaje anayechanganya herufi na mvivu? Akahesabiwa mvivu, kila imla fimbo, ikafika mahali tumbo linamuuma kila asubuhi, Jumamosi na Jumapili mzima wa afya!

Nyumbani tulianza upya na ba be bi bo bu, anachora kwa kidole kwenye sinia la mchele, nusu saa kabla sijaenda kibandani na nusu saa jioni, basi. Mwezi wa nane akanisomea mwenyewe maandishi kwenye mfuko wa unga, nililia.

Mnaosema atakosa wenzake, mpira anacheza na watoto wa mtaa na madrasa haikosi. Hoja inayonitisha ni nyingine, kwamba ukiruhusu hivi hivi kuna wazazi watawabakiza watoto nyumbani walee wadogo zao na kuuza karanga, na wa kwanza watakuwa mabinti. Hiyo siipingi hata kidogo. Ndio maana sisemi kila mtu ajiamulie, nasema mtoto abaki kwenye rejista ya shule ya karibu, kila muhula mwalimu ampime, na upimaji wa darasa la nne afanye na wenzake. Sekondari mbona mlango upo, mtu anasoma nje ya mfumo, anafanya QT, yaani mtihani wa maarifa unaompa sifa ya kuendelea, halafu mtihani wa form four kama mtahiniwa wa kujitegemea na hakuna anayeshangaa. MEMKWA, ule mpango wa elimu ya msingi, nayo ipo lakini ilianzishwa kwa watoto walioikosa shule, wangu shule aliipata, kilichomshinda ni darasa la watu 118.

Mwalimu mkuu kanipa chaguo mbili tu, arudi moja kwa moja au jina lifutwe. Nikimrudisha darasa ni lile lile na fimbo ni zile zile, jina likifutwa hana pa kufanyia mtihani. Walimu, nyie mngekuwa tayari kupokea mtoto wa namna hii, aje kupimwa tu kila muhula? Na aliyewahi kukubaliwa na shule kwa utaratibu huu aseme alianzia wapi, kwa afisa elimu kata au wilayani?