Unguja mwezi wa nne: kubana matumizi au kulipia mvua?

Mzee wa Area C: Wakuu, salaam. Nimepata likizo wiki moja, Aprili. Mimi na mama watoto hatujawahi kufika Unguja, na chumba Shangani wananipa kwa nusu ya bei ya Julai. Shemeji yangu wa Dar anasema nitakuwa nimelipia dirisha la kutazamia mvua. Nyie mnasemaje? Halafu hili la baadhi ya hoteli za Paje na Jambiani kufunga masika, wafanyakazi wanarudi makwao bila mshahara, ni sawa kweli?

Kijana wa Darajani: Shemeji yako ana akili. Aprili hakuna mwezi wa kuushinda kwa mvua. Njoo Juni mpaka Septemba, msimu wa upepo wa kusi, kuna kaubaridi kazuri. Ila beba mfuko, maana nyie wa bara boti haijafika hata Mbudya mshaanza kutapika.

Ukerewe Damu: Ati "nyie wa bara"? Mimi nimejua mtumbwi kabla sijajua baiskeli. Safari yangu ya mwisho, aliyetapika pembeni yangu ni bwana mmoja kavaa kofia ya kiua, akaniomba na limau.

Kijana wa Darajani: Kofia za kiua zinauzwa mpaka Kariakoo. Huyo alikuwa mtu wa Singida.

Ukerewe Damu: Lafudhi je, nayo aliinunua Kariakoo?

Nahodha Mstaafu: Wewe wa Darajani, unamwambia mtu aje Julai halafu unamcheka akitapika? Kusi ndiyo huchafua bahari. Kaskazi, Desemba mpaka Februari, utasikia joto la kukukosesha usingizi, lakini mara nyingi maji yametulia. Watu wanapanga safari kwa kutazama mawingu tu, wanasahau katikati kuna mkondo wa kuvuka.

Tulia Tuambiane: Mbona ile meli kubwa iliyozama Nungwi ilikuwa masika? Nakumbuka kulikuwa na mvua.

Nahodha Mstaafu: Unakumbuka vibaya, mwanangu. Spice Islander ni Septemba 10, 2011. Skagit, karibu na Chumbe, ni Julai 18, 2012. Hakuna hata moja ya masika.

Tulia Tuambiane: Sawa mzee, lakini Spice Islander ilijazwa watu kupita kiasi. Usiutwishe upepo dhambi za binadamu.

Nahodha Mstaafu: Sijautwisha. Nimekusahihisha mwezi.

Kijana wa Darajani: Boti za siku hizi saa mbili umefika, mambo ya 2011 ya nini? Mnamtisha mgeni bure.

Binti Mkunazini: Mgeni mwenyewe hajajibiwa. Kaka wa Area C, mie nimezaliwa humu ndani ya Mji Mkongwe. Masika ikishuka ile kubwa, uchochoro unakuwa mto, watu wanapita juu ya mabaraza wamekamata makubadhi mkononi, na mifereji ya mapaa inakumwagia shingoni hata ukiwa na mwavuli. Baada ya saa moja jua linawaka, utadhani umeota. Siku nyingine haiachi mpaka magharibi, nisikudanganye. Balaa si mvua, balaa ni unyevu. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinanyonya maji. Usikubali chumba cha chini, suruali utaifua Jumatatu na Alhamisi bado mbichi. Omba cha juu, chenye feni. Na tazama kalenda: ukiangukia Ramadhani, mchana mama ntilie wengi hawafungui.

Kijana wa Darajani: Dada umemaliza. Ila Forodhani wakati wa mvua hakuna kitu, wauza mishikaki wanashindana na turubai.

Binti Mkunazini: Uongo. Wanasogea chini ya miti, na foleni hakuna.

Mpishi wa Zamu: Mie niko jikoni hoteli moja ya pwani ya mashariki. Katikati ya Aprili tunaambiwa "tutaonana Juni". Miezi hiyo nakwenda kusaidia shemeji kuvua pweza, maji yakipwa vizuri. Huyu bwana kauliza la mshahara tangu mwanzo, nyie mnagombania matapishi.

Tulia Tuambiane: Pole sana, kaka. Lakini mwenye hoteli atalipa nini kama vyumba vitupu?

Mpishi wa Zamu: Agosti vikijaa mbona hatulipwi mara mbili?

Ukerewe Damu: Hapo umesema. Ila bado nataka kijana wa Darajani aombe radhi kwa watu wa Ziwa.

Kijana wa Darajani: Ziwa si bahari. Mtaombwa radhi mkivuka Agosti bila limau.

Mzee wa Area C: Wakuu, asanteni. Nimeshalipia Aprili, chumba cha juu, shemeji kanuna. Nina swali moja tu: hilo limau linanyonywa kabla boti haijaondoka au mpaka uanze kusikia kichefuchefu?

Nahodha Mstaafu: Tangawizi. Na kaa nyuma, chini.