Mpwa wangu ananiiga kila kitu hadi ubaya wangu, naomba ushauri wakuu

Mjomba wa Tandahimba
Habari za jioni wakuu, jambo hili linaninyima usingizi. Naishi na mpwa wangu ana miaka 11, na kwetu Makondeni mnajua mjomba ndo kila kitu. Dogo ananiiga hadi ninavyokohoa, nikikunja mikono ya shati na yeye anakunja, nilikuwa naona raha kwa kweli.

Juzi nimemkuta uani na kiroba chake cha korosho alizookota mwenyewe, anatikisa moja moja sikioni, zinazolia anaweka pembeni, zisizolia yani bado mbichi anatanguliza chini ya kiroba halafu zile kavu anamwagia juu. Namuuliza unafanya nini, akanijibu bila hata kuogopa "nafanya kama wewe mjomba, mbichi zina kilo". Nilikosa la kusema. Msimu uliopita nilifanya hivyo kwenye magunia mawili kabla ya kupeleka chama cha ushirika kuuza, sikujua kama ananiangalia. Sasa nimchape? Namkanyaje wakati mwalimu wake ni mimi?

Fundi Mpingo
Usimchape kaka. Mi nimejifunza kuchonga kwa mzee mmoja hapa Mtwara, bega lake la kushoto lilikuwa bovu kwa hiyo anachonga kainamia upande, na mimi miaka miwili nachonga nimeinama vilevile nikijua ndo ufundi wenyewe, mpaka mzee akaniambia kaa wima wewe bega lako zima. Anayeiga hajui ipi kazi ipi kilema, lazima umwambie.

Ticha Masasi
Fundi kasema kweli. Mwaka 2005 watafiti Horner na Whiten walifungua sanduku mbele ya sokwe na watoto wa miaka 3 na 4, wakachanganya na vitendo visivyo na kazi yoyote. Sanduku likiwa la kuonekana ndani sokwe waliviruka, watoto wakaiga vyote. Ndo maana Paulo alipowaambia Wakorintho "mnifuate mimi" akaongeza palepale "kama mimi ninavyomfuata Kristo".

Kijana wa Lindi
Unajitesa bure bro, wengi wanafanya, utapata hasara peke yako.

Bi Mkubwa Mikindani
Wee kijana usimpoteze mwenzio. Mjomba, mi nakuuliza, dogo akiwa shule unafanyaje? Maana ukijirekebisha ili akuone tu, ataiga hukohuko kujionyesha. Na akifika miaka 15 ataacha kukuiga aanze kukupima, hapo ndo utajua.

Mjomba wa Tandahimba
Asanteni sana, Bi Mkubwa umenigusa. Kijana, hasara ya kilo naiweza. Jana usiku nimemwambia dogo nilikosea, kaniuliza "na wale waliouziwa je?" sikuwa na jibu. Leo asubuhi tumemwaga kiroba chake na gunia langu kwenye turubai, tunatikisa moja moja, yeye anaweka sikio la kulia kama mimi. Jua kali leo, mpaka keshokutwa zitakuwa zinalia.