Nianze urubani Nairobi, au nisubiri nifike Minnesota?

Kipanga wa Meru anauliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wale waliokwisha kupita njia hii. Mke wangu ni muuguzi, na amepata kazi katika hospitali moja mjini Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, kwa hiyo familia yetu inatarajia kuhama kutoka Arusha mwezi Januari tukiwa na hati za ukaazi wa kudumu wa Marekani. Mimi ni mhasibu mwenye umri wa miaka 41, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiweka akiba kwa ajili ya jambo moja, nalo ni kupata leseni ya rubani binafsi. Sina nia ya kuajiriwa na shirika la ndege. Nataka niweze kukodi ndege ndogo ya viti vinne na kuirusha mwenyewe, na tukija likizo nyumbani niweze kufanya vivyo hivyo kutoka uwanja wa Arusha.

Kazini nimekwisha kutoa taarifa ya kuacha, na kuanzia Oktoba nitakuwa na nafasi. Rafiki yangu ananishauri niende Nairobi, nianze masomo katika uwanja wa Wilson, nikusanye saa kumi na tano au ishirini, kisha nimalizie Marekani. Wengine wananionya kwamba kuanzia nchi moja na kumalizia nyingine ni kulipa mara mbili. Na nikingoja nifike kule, sijui nichague chuo kwa kuangalia nini, maana jiji hilo limezungukwa na viwanja vidogo vingi na kila chuo kinajisifu. Isitoshe, nasikia baridi ya huko ni kali kiasi kwamba ndege ndogo haziruki miezi kadhaa. Ninavaa miwani, ikiwa jambo hilo lina uzito wowote.

Tausi wa Wilson anajibu:

Ndugu Kipanga, mimi nilisomea Wilson na hadi leo narukia hapo, kwa hiyo yapokee maneno yangu ukijua upande nilioegemea. Saa utakazofundishwa Kenya hazitupwi. Kiwango cha kimataifa cha ICAO, yaani shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, kwa leseni ya rubani binafsi ni saa 40, Marekani nayo inadai saa 40 kwa njia ya kawaida, na sheria zao zinaruhusu mafunzo yaliyotolewa nje na mkufunzi mwenye kibali cha nchi mwanachama wa ICAO yahesabiwe, mradi yameandikwa vizuri katika daftari lako la safari na mkufunzi ametia saini yake.

Wilson pia inafundisha mambo ambayo nyanda za chini hazifundishi. Uwanja uko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na siku ya joto la nyuzi 26 ndege huhisi hewa nyepesi kana kwamba iko zaidi ya futi 8,000. Mwanafunzi anaona kwa macho yake jinsi Cessna 172, ndege ndogo ya viti vinne, iliyojaa watu na mafuta inavyokula barabara ya kurukia kabla ya kuinuka, na jinsi inavyopanda polepole baada ya hapo. Arusha, unakotaka kuja kuruka wakati wa likizo, haina tofauti kubwa, kwa kuwa nayo iko juu ya futi 4,500. Rubani aliyefundishwa karibu na usawa wa bahari akija huku bila kupewa mafunzo ya ziada huwa ananitia wasiwasi.

Pamoja na hayo, mpango wa rafiki yako siuungi mkono. Saa kumi na tano hadi ishirini ndicho kipindi ambacho wengi huwa wameanza kuruka peke yao, au wako mlangoni. Ukikatisha hapo, ukahama, ukatafuta nyumba na shule za watoto, mikono itasahau kutua, na mkufunzi mpya hatakuachia ndege yake kwa sababu tu mwenzake wa Nairobi alikuamini. Atarudia karibu kila kitu, na kwa haki kabisa, kwa kuwa saini itakayokuruhusu kuruka peke yako itakuwa yake. Ama uje umalize leseni nzima kabla ya kuondoka, ama usianze. Na ukija, kumbuka kwamba mvua za vuli huanguka katika miezi hiyo hiyo uliyo nayo, kwa hiyo usipange kana kwamba utaruka kila siku.

Mkazi wa Kaskazini anajibu:

Kaka, mimi ninaishi huku Minnesota na leseni yangu niliipata huku huku. Nakubaliana na Bi. Tausi kuhusu kutokatisha katikati, lakini mimi ningesubiri, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, jambo ambalo wageni wengi huligundua wakiwa wameshalipa. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Marekani iliweka sheria kwamba mtu asiye raia hawezi kuanza mafunzo ya ndege ya leseni ya kwanza kabla ya kuchunguzwa na mamlaka ya usalama wa usafiri, yaani TSA. Hati ya ukaazi wa kudumu haikuondoi katika sheria hiyo. Utajisajili, utachukuliwa alama za vidole, utalipa ada, na chuo au mkufunzi wako naye lazima awe amesajiliwa katika mfumo huo huo. Kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2024, kibali kinaweza kudumu hadi miaka mitano, jambo ambalo limepunguza usumbufu uliokuwapo zamani. Kwa hiyo swali la kwanza kwa chuo chochote liwe hili: je, mnapokea wanafunzi wasio raia, na nani hapo anashughulikia kibali cha TSA? Wapo wakufunzi wazuri wanaofundisha peke yao ambao hawataki kabisa karatasi hizo. Ukikuta mtu anasitasita kwenye simu, nenda kwingine. Masomo ya nadharia ya darasani hayahitaji kibali hicho, wala ile safari moja fupi ya kuonja ambayo vyuo huitoa kwa ajili ya kujitangaza.

Pili, viwanja. Kuzunguka Minneapolis na St. Paul, mbali na uwanja mkuu wa kimataifa, kuna viwanja sita vya ndege ndogo. Flying Cloud, Crystal, Anoka County na ule wa katikati ya St. Paul vina minara ya kuongozea ndege; Lake Elmo na Airlake havina, na huko marubani hutangaziana wenyewe kwa redio. Wageni wengi hukimbilia penye mnara kwa kuamini kwamba ndipo penye usalama zaidi. Mimi ningeangalia saa ya injini. Vyuo vingi hutoza kwa saa inayoanza kuhesabu injini inapowashwa, si magurudumu yanapoacha ardhi, na uwanja wenye foleni asubuhi ya Jumamosi hukutoza pesa huku umekaa chini ukitazama mkia wa ndege iliyo mbele yako. Kwa upande mwingine, lugha ya redio ni kikwazo cha kweli kwa wengi wetu tuliojifunza Kiingereza darasani, kwa kuwa waongoza ndege wa huku huongea kwa kasi. Anayeizoea tangu mwanzo hatishiki baadaye. Sheria yenyewe inadai angalau upaaji na utuaji mara tatu, ukiwa peke yako, katika uwanja wenye mnara, kwa hiyo hakuna anayelikwepa kabisa.

Tatu, na hapa ndipo ningeweka uzito kuliko bei, uliza idadi ya ndege na idadi ya wanafunzi, kisha uliza mkufunzi wako anatarajia kuondoka lini. Huku rubani wa shirika la ndege anahitaji kwa kawaida saa 1,500, sheria iliyotokana na ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo mwaka 2009, na njia ya kawaida ya kuzikusanya ni kufundisha. Maana yake ni kwamba kijana anayekufundisha leo anahesabu saa zake, na zikitimia ataondoka. Hilo si kosa lake. Lakini kila anayebadilishiwa mkufunzi hupoteza masomo kadhaa ya kujitambulisha upya. Mkufunzi mzee aliyestaafu, anayefundisha kwa mapenzi, ni hazina, hata kama ndege yake ni Piper ya miaka ya 1970 iliyochakaa viti. Wa namna hiyo mara nyingi utawapata katika klabu, ambako wanachama humiliki ndege kwa pamoja na bei ya saa huwa nafuu.

Utasikia pia habari za vyuo vya Sehemu ya 141 na vya Sehemu ya 61, majina yanayotokana na sehemu mbili za kanuni za anga za Marekani. Vya 141 vina mtaala ulioidhinishwa na FAA, yaani mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, na vinaweza kumaliza kwa saa 35. Vya 61 vina uhuru zaidi na kiwango chake ni saa 40. Kwa mtu mwenye kazi na watoto tofauti hiyo ya saa tano haina maana, kwa sababu wengi humaliza wakiwa wamepita saa 60. Bajeti yako iandae kwa saa hizo, si kwa zile zilizo kwenye tangazo. Wenye viza ya mwanafunzi wao hawana uhuru huo, kwa kuwa lazima wasome katika chuo kilichoidhinishwa kupokea wanafunzi wa kigeni, na mara nyingi hicho huwa cha 141.

Sasa baridi. Ni kweli ni kali, na injini lazima ipashwe moto kabla ya kuwashwa. Lakini hewa ya baridi ni nzito, na ndege hupanda ndani yake kwa nguvu ambayo Bi. Tausi hajawahi kuipata Wilson. Kinachozuia masomo ni mawingu ya chini, kwa kuwa ndege hizi ndogo hazina kinga dhidi ya barafu inayoganda kwenye mabawa. Kuna wiki nzima za kukaa chini. Ila leseni ya Marekani inadai saa tatu za mafunzo ya usiku, na mwezi Desemba jua huzama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo unaweza kutoka kazini, ukaruka gizani, ukarudi nyumbani kabla watoto hawajalala. Majira ya kiangazi kazi hiyo humaanisha kukesha.

Miwani si tatizo. Kwa cheti cha afya cha daraja la tatu wanataka uone kwa kiwango cha 20/40, yaani uone kwa futi 20 kile ambacho jicho zima huona kwa futi 40, kwa miwani au bila miwani. Kwa umri wako cheti hicho kitadumu miezi 24. Kipate kabla ya kulipia somo lolote, hasa kama unatumia dawa za kila siku.

Spana 14 anajibu:

Mimi ni fundi wa ndege, na nina neno moja tu la kuongeza, nalo ni la fedha: usilipe kozi nzima mapema, hata ukipewa punguzo la kuvutia. Silver State Helicopters ilikuwa na vyuo katika majimbo mengi ya Marekani, ikafunga milango ghafla Februari 2008, na wanafunzi waliokuwa wamekopa makumi ya maelfu ya dola wakabaki na deni bila leseni. Lipa somo kwa somo, au weka kiasi kidogo ambacho kikipotea hutalala njaa. Pia omba kuonyeshwa kumbukumbu za matengenezo za ndege utakayorushia. Chuo kinachokasirika kwa ombi hilo kimeshakujibu.

Kipanga wa Meru anauliza tena:

Nawashukuru sana. Nimeelewa kwamba mpango wa nusu kwa nusu haufai. Lakini Bi. Tausi, tuseme nikimaliza leseni nzima ya Kenya kabla ya Januari: je, Mkazi wa Kaskazini, itanisaidia huko, au nitaanza upya?

Mkazi wa Kaskazini anajibu:

Itakusaidia. Mwenye leseni ya rubani binafsi ya nchi mwanachama wa ICAO anaweza kupewa leseni ya Marekani inayotegemea ile ya kwanza, bila kurudia mtihani wa nadharia wala ule wa vitendo. Unaiomba FAA ithibitishe leseni yako kwa mamlaka ya Kenya, unapata barua ya uthibitisho, unaipeleka katika ofisi yao ya Minneapolis, kisha unaruka na mkufunzi kwa ajili ya mapitio, yaani akupime uwezo wako, kabla ya kurusha ndege ukiwa rubani mkuu. Barua hiyo ina uhai wa miezi sita, kwa hiyo usiiombe mapema mno.

Kasoro yake ni kwamba leseni hiyo haisimami peke yake. Ile ya Kenya ikiisha au ikisimamishwa, ya Marekani nayo haina nguvu, na utalazimika kuihuisha ya Kenya ukiwa Minnesota kwa miaka yote utakayoishi huku. Leseni kamili ya Marekani haiishi muda. Unachotakiwa ni mapitio na mkufunzi kila baada ya miezi 24 na cheti cha afya kilicho hai. Kwa mtu anayehamia moja kwa moja ningechagua hiyo ya pili.

Tausi wa Wilson anajibu:

Hapo amenishinda kwa hoja, ingawa bado nasema kwamba kama miezi yako inatosha, leseni ya Kenya itakupa saa zote unazohitaji na baadaye utafanya mitihani ya Marekani bila haraka. Ila Oktoba hadi Desemba, pamoja na mvua na mitihani ya mamlaka, sioni kama inatosha kwa mtu anayeanza sifuri. Tumia muda huo kwa nadharia. Vitabu vikuu vya FAA hupatikana bure kwenye tovuti yao, mtihani wao wa rubani binafsi una maswali 60, kiwango cha kufaulu ni asilimia 70, na matokeo hudumu miezi 24. Ukifika huko ukiwa umeiva kwa mtihani, hutalipia saa za ndege ili kufundishwa mambo ambayo ungeyasoma ukiwa nyumbani Arusha. Na siku utakapotaka kurusha ndege Tanzania, iandikie mapema TCAA, yaani mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania, ukiwa na leseni, cheti cha afya na daftari la safari mkononi, kisha kabla hujabeba familia ruka asubuhi moja na mkufunzi wa hapo Arusha aliyezoea uwanja huo.