Mjadala: Roboti zilazimishwe kuvaa ngozi inayogeuka rangi zikimbana mtu?

Mkaguzi_Mitambo: Nasema ndiyo. Waraka wa ISO/TS 15066 wa 2016, wa shirika la viwango la kimataifa ISO, uliweka kikomo cha roboti kumbana mtu: nyutoni (kipimo cha nguvu) 140 kiganjani na vidoleni, 65 usoni. Namba hizo anaziona mhandisi kwenye skrini. Mfanyakazi aliyeshika boksi upande wa pili wa roboti haoni kitu, na vidole vilivyo hatarini ni vyake.

Kemia: Mkuu, rangi haioneshi nguvu, inaonesha shinikizo, yaani nguvu kwa ukubwa wa eneo inapotua. Nyutoni 100 zikitua kwenye sentimita 1 ya mraba ni shinikizo la megapaskali 1. Zikienea kwenye sentimita 10 za mraba ni 0.1. Kwa hiyo kona kali itageuka rangi kwa msukumo mdogo, huku bamba pana likibana kifua cha mtu bila ngozi kuonesha lolote. Hapo mfanyakazi amedanganywa. Tena raba yenye fuwele kimiminika, ambayo ikivutwa huhama kutoka nyekundu kwenda kijani hadi buluu, ukiitazama kwa pembeni inaonesha rangi nyingine kabisa.

Fundi_Otomesheni: Kemia yuko sahihi, ila kwenye majaribio kabla ya kuwasha laini ya uzalishaji, rangi haina mbadala. Filamu ya kupimia shinikizo ya Prescale, ya kampuni ya Fujifilm, ile ya karatasi mbili, ina vidonge vidogo vya rangi vinavyopasuka vikibanwa, na wekundu unabaki. Linganisha kwanza kiwango cha filamu na shinikizo unalotarajia. Pande zilizopakwa dawa zitazamane. Ilaze juu ya raba laini inayoiga nyama, chini yake kipima nguvu, kisha iendeshe roboti kwa kasi ileile ya kazini. Wekundu ukikusanyika kwenye nukta moja, kona hiyo ipigwe msasa au ivalishwe sponji, halafu upime upya kwa filamu mpya. Filamu ikikunjika inatoa alama za uongo. Joto na unyevu navyo hubadilisha wekundu, kwa hiyo viandikwe.

Mkaguzi_Mitambo: Hilo la bamba pana nalikubali. Basi sheria idai filamu kwenye majaribio, na picha zake zibandikwe pale kituoni wafanyakazi wazione. Ngozi ya kudumu ibaki kwenye ncha za kishikio cha roboti tu.

Kemia: Kwa ncha sina pingamizi, mradi isihesabiwe kuwa kinga. Mgongano wa ghafla huisha chini ya nusu sekunde. Jicho likiiona rangi, kidole kimeshaumia. Na isiwe nyekundu kwa kijani, wapo wasiozitofautisha.